Msamaha au Kuombwa Radhi? Vizazi Vitatu Mbele ya Sheria ya Uingereza

Sheria ikibadilishwa leo, je, nyoyo za waliohukumiwa nayo hubadilika leo hii hii? Mas-ala haya yanadhihirika katika historia ya wanaume wenye mapenzi ya jinsia moja nchini Uingereza.

Mwaka 1533, zama za Mfalme Henry VIII, kesi za liwati zilitolewa katika mahakama za Kanisa, zikawa jinai ya dola yenye adhabu ya kifo. Kifo kiliondolewa mwaka 1861. Kisha sheria ya mwaka 1885 ikaharamisha hata vitendo visivyofikia liwati, kwa kifungo kisichozidi miaka 2. Kwa sheria hiyo alitiwa hatiani mwanahisabati Alan Turing mwaka 1952.

Kizazi cha kwanza kilikulia hapo. Sheria ya mwaka 1967 iliondoa jinai kwa England na Wales tu, kwa waliotimiza miaka 21, tena faraghani. Yeyote aliyeonekana hadharani aliweza kushitakiwa bado. George Montague alitiwa hatiani mwaka 1974. Kwa wazee hawa, kukubalika kulikuwa ni kuachwa bila kusumbuliwa.

Kizazi cha pili kiliukuta Ukimwi. Mwaka 1988 serikali za mitaa zilikatazwa kuyatangaza mapenzi hayo, na katazo hilo lilidumu England hadi mwaka 2003. Hawa walijifunza kwamba kilichotolewa na Bunge chaweza kupunguzwa na Bunge.

Kizazi cha tatu kilizaliwa sheria ikilegea. Umri wa ridhaa ulisawazishwa mwaka 2001, na sheria ya ndoa ikapitishwa mwaka 2013. Kijana wa leo haulizi tena kama atafungwa; anauliza atapokewaje na wazazi wake na wenzake kazini.

Tofauti hiyo ilijitokeza wazi mwaka 2017, waliohukumiwa zamani walipopewa msamaha wa kisheria. Wengi waliupokea kwa furaha. Montague, aliyekwisha kupita miaka 90, aliukataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika: anayesamehewa ni mkosaji, naye hakujiona mkosaji. Alitaka kuombwa radhi.

Mwanafunzi wa sheria aizingatie hoja hiyo. Msamaha huondoa adhabu na huliacha kosa mahali pake. Radhi humhamishia kosa aliyehukumu. Ndiyo maana waraka mmoja kijana aliusoma kama ushindi, na mzee akaona humo hukumu yake ya kale imethibitishwa.