Manowari Iliyofungiwa Rufiji, na Watu wa Angani

Ninyi mlioko Kilindoni mnajua maana ya kuzuiwa. Kusi likishika, jahazi hulala, na mgeni aliyekuja kwa siku mbili hukaa juma zima. Siku ya tatu hugombana na kila mtu. Siku ya tano haulizi tena habari za upepo. Akili ya mtu hufanyaje akifungiwa muda mrefu? Swali hili leo huulizwa kwa ajili ya wanaanga, lakini sisi tunacho kisa chake hapa karibu, katika mikoko ya Rufiji.

Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha Rufiji. Waingereza waliigundua mwisho wa Oktoba wakaifungia milango ya mto. Januari 1915 waliiteka Mafia, na baadaye wakarusha ndege kutoka hapa kisiwani kwenda kuipeleleza.

Meli ile iliingia na mabaharia zaidi ya mia tatu. Joto, mbu, homa. Dawa na makaa yakapungua. Pamoja na homa kulikuwa na adui mwingine: kukaa bure, bila kujua mwisho ni lini. Mioyo ikalegea. Tarehe 11 Julai 1915 mizinga ya Severn na Mersey iliivunja meli, na wenyewe wakaizamisha. Na tazameni ajabu: watu wale wale waliolegea waliitoa mizinga yao yote kumi, ikakokotwa mpaka Dar es Salaam, wakaendelea kupigana bara. (Waliokokota ni Waafrika, ambao majina yao hatukuachiwa.)

Sasa tupande angani. Daktari Mrusi, Valeri Polyakov, alikaa katika chombo cha Mir siku 437, tangu Januari 1994 hadi Machi 1995. Akili yake ilipimwa mara kwa mara. Mtu angedhani itafifia polepole kama taa inayoishiwa mafuta, sivyo. Alilegea majuma matatu ya kwanza, akalegea tena majuma mawili baada ya kurudi. Katikati alifanya kazi kama aliye nyumbani. Mmarekani Scott Kelly naye, baada ya siku 340 na kurudi Machi 2016, alipungua wepesi na usahihi alipokwisha kutua.

Mimi naona tofauti ni hii: Polyakov alikwenda kwa hiari, na kila siku ilikuwa na kazi yake. Lakini huko Moscow, mwaka 2010 na 2011, watu sita walifungiwa siku 520 kama wasafiri wa Mirihi. Nao walikuwa na ratiba na tarehe ya kutoka, na bado walizidi kukaa kitako. Mmoja usingizi wake uliacha kabisa kufuata saa 24.

Na Mirihi yenyewe ni mbali zaidi ya hayo. Huko, mtu akiuliza swali duniani, jibu laweza kuchukua zaidi ya dakika 40 kumfikia.