Kihusishi Kinapobaki Mwisho: Kishazi Rejeshi cha Kiingereza na Safari Yake Kitui na Makueni

Katika insha za Kiingereza zinazoandikwa na wanafunzi wa Kitui na Makueni, huko Ukambani nchini Kenya, kuna sentensi ya aina moja ambayo hukutana na wino mwekundu kizazi baada ya kizazi: "the man whom I was talking with him", kwa maana ya mtu ambaye mwandishi alikuwa akizungumza naye. Mwalimu hulikata neno la mwisho, "him", akaweka alama pembeni na kuendelea, kana kwamba neno hilo liliachwa pale kwa uzembe. Lakini neno hilo lina asili yake. Asili hiyo imo katika sarufi ya Kikamba, imo katika sarufi ya Kiswahili inayosomwa katika darasa lilo hilo, na imefungamana na historia ya lugha ya Kiingereza, ambayo ilifika Ukambani ikiwa na ugomvi wake yenyewe kuhusu mahali kihusishi kinapostahili kukaa.

Kishazi rejeshi ni kile kipande cha sentensi kinachokuja baada ya nomino ili kueleza ni mtu gani au kitu gani kinachozungumziwa, kama ilivyo katika "mwalimu aliyefika jana". Kihusishi nacho ni neno linaloonyesha uhusiano wa kitu na kingine, kama vile "katika", "kwa" au "na". Mambo hayo mawili yanapokutana, Kiingereza humpa msemaji njia mbili: anaweza kukitanguliza kihusishi na kusema "the house in which we live", au anaweza kukiacha nyuma ya kitenzi na kusema "the house which we live in". Akichagua kiunganishi "that", njia ya kwanza hufungwa kabisa, kwa kuwa hakuna Mwingereza anayesema "the house in that we live", na akiamua kutotumia kiunganishi chochote, hubaki na "the house we live in", ambapo kihusishi kimesimama peke yake mwishoni bila nomino ya kukiegemea.

Kusimama peke yake huko ndiko kulikozua mabishano Uingereza kwenyewe. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson, mwandishi wa tamthilia wa kizazi kilichotangulia, kwa kumaliza sentensi zake kwa vihusishi, na baadaye akazirudia insha zake mwenyewe ili kuondoa alichokuwa amekikemea kwa mwenzake. Askofu Robert Lowth, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762, alikuwa na uungwana zaidi: alikiri kwamba mtindo wa kuacha kihusishi mwishoni umeenea katika mazungumzo na maandishi ya kawaida, ila akaona kwamba kukitanguliza kunapendeza zaidi na kunafaa maandishi mazito. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia Uingereza, aliyachukua mawazo hayo katika sarufi yake ya mwaka 1795, iliyochapishwa tena na tena na kutumiwa na shule nyingi, na kwa mkondo huo kile kilichokuwa upendeleo wa askofu kikageuka kuwa sheria ya darasani. Henry Fowler, aliyechapisha kamusi ya matumizi ya Kiingereza mwaka 1926, aliihesabu sheria hiyo kuwa ushirikina tu, na hukumu yake inastahili kukubaliwa, kwa sababu Waingereza wamekuwa wakiviacha vihusishi nyuma tangu zamani za kale, kabla hata Dryden hajazaliwa.

Kikamba hakikuhitaji mabishano ya namna hiyo. Katika lugha hiyo nomino hufuatwa na neno linalokubaliana nayo kingeli, ambalo ndilo hufungua kishazi: "mũndũ ũla" kwa mtu, "andũ ala" kwa watu, "kĩndũ kĩla" kwa kitu, "nyũmba ĩla" kwa nyumba. Anayetaka kumtaja mtu ambaye watu huzungumza naye husema "mũndũ ũla tũneenaa nake", na hilo "nake" la mwisho, ambalo ni "na" iliyobeba kiwakilishi cha mtu anayerejelewa, haliwezi kuondolewa, kwa kuwa "na" ya Kikamba haikai uchi mwishoni mwa kishazi. Kiswahili kina sharti lilo hilo: husemwa "mtu tunayezungumza naye" au "mtu ambaye tunazungumza naye", wala hakuna mzawa wa lugha atakayeishia kwenye "na" tupu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Wote au Mutomo anayeandika "with him" anatii kanuni ambayo lugha zake mbili zimempa kwa sauti moja, na ni lugha ya tatu pekee inayomtaka aivunje.

Kanuni hiyo ya kukirudia kiwakilishi haina unyonge wowote. Kiarabu huifuata katika sarufi yake ya juu kabisa, na wanasarufi wa Kiarabu wamekipa kiwakilishi hicho jina la 'aid, yaani kinachorudi. Kiebrania cha kale nacho hufanya vivyo hivyo. Hata katika Injili ya Marko kwa Kigiriki, pale Yohana Mbatizaji anapomtaja yule ajaye nyuma yake, kiwakilishi rejeshi hufungua kishazi kisha kiwakilishi cha kawaida hurudi tena kwenye viatu "vyake", na jambo hilo wataalamu wengi wameliona kuwa dalili ya lugha za Kisemiti nyuma ya Kigiriki hicho.

Injili hiyo hiyo ya Marko ndiyo iliyofungua historia ya Kikamba cha maandishi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society na kufika Mombasa mwaka 1844, alisafiri kutoka Rabai hadi Kitui mwaka 1849, akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilifika pwani, na akiwa katika ziara hiyo, tarehe 3 Desemba, akauona Mlima Kenya. Mwaka 1850 zilichapishwa Tübingen orodha yake ya msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwemo, pamoja na tafsiri ya Marko kwa Kikamba. Krapf alirudi mwaka 1851, Kivoi akauawa na wavamizi walipokuwa njiani karibu na Mto Tana, na Mjerumani huyo akaponea chupuchupu. Hivyo kishazi rejeshi cha Kikamba kilipata wino kabla ya shule yoyote ya Kiingereza kufunguliwa katika nchi hiyo.

Waliofuata walijenga juu ya msingi huo, ingawa si kwa Kiingereza pekee. Wamisionari Wajerumani walikaa Ikutha katika miaka ya 1890 na Mulango kuanzia mwaka 1899, na upande wa Makueni, Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifungua kituo cha kwanza cha misheni hiyo Nzaui mwaka 1895, akafariki mwaka uliofuata. Gerhard Lindblom, msomi kutoka Uswidi, alichapisha maelezo ya sarufi ya Kikamba mwaka 1926. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Katika kipindi hicho chote mtoto wa shule ya misheni alijifunza kusoma kwa Kikamba kwanza. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango mwaka 1931, alichapisha msamiati wa Kiingereza na Kikamba mwaka 1959, kazi iliyokuwa na manufaa makubwa, ila msamiati kwa asili yake hulinganisha neno na neno, na tatizo la "nake" na "with" halimo ndani ya neno hata moja kati ya hayo. Limo katika jinsi maneno yanavyoruhusiwa kukaa.

Kiingereza kiliposhika usukani wa masomo ya chini, mambo yalibadilika kwa kasi. Mpango mpya wa kufundishia shule za msingi kwa Kiingereza ulianza Nairobi mwaka 1957, na baada ya uhuru Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirudisha hoja ya lugha ya mama katika madarasa ya mwanzo, na mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Tangu hapo mwanafunzi wa Ukambani amekuwa akijifunza vishazi rejeshi vya lugha tatu kwa pamoja, mara nyingi bila mtu yeyote kuvipanga vitatu hivyo kando kwa kando.

Matokeo yake huonekana katika makosa ya aina tatu. La kwanza ni lile la kiwakilishi kinachorudi. La pili ni kinyume chake: "the house which I live", bila "in", nalo hutokana na ukweli kwamba Kikamba husema "vandũ vala twĩkalaa" na Kiswahili husema "mahali tunapoishi", ambapo dhana ya mahali imekwisha kubebwa na "vala" na "-po-", kwa hiyo hakuna kihusishi kinachodaiwa baadaye. La tatu ni "the school in which I studied in", kihusishi kikitajwa mara mbili, na hilo halitoki Kikamba hata kidogo, bali ni zao la kufundishwa njia mbili za Kiingereza bila kuambiwa kwamba moja huiondoa nyingine. Inafaa kukumbuka kwamba Shakespeare mwenyewe alikirudia kihusishi kwa namna hiyo katika As You Like It, katika maneno yanayotangulia mara moja ile hotuba maarufu inayoufananisha ulimwengu na jukwaa. Hata hivyo mtahini wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, hawezi kumsamehe mtahiniwa kwa ajili ya Shakespeare, hasa katika karatasi ya pili, ambamo sehemu ya sarufi humtaka aandike sentensi upya kwa kufuata maagizo bila kubadilisha maana.

Msaada ulio karibu zaidi umo katika somo la Kiswahili. Walimu wa Kenya hufundisha njia mbili, "amba-" na "O-rejeshi", na mwenye Kikamba huifahamu "amba-" kwa wepesi, kwani kama "ũla" na "ĩla" zake, ni neno linalosimama kando ya kitenzi na kubadilika kwa ngeli. Akiandikiwa ubaoni "ũla… nake", chini yake "ambaye… naye", na chini yake tena "whom… with", ataona kwa macho kwamba mistari miwili ya juu ina kiwakilishi mwishoni na wa tatu hauna, na kwamba kilichopungua huko mwisho tayari kimetajwa na "whom".

Nje ya darasa, tofauti hiyo hubeba uzito zaidi mahakamani. Kiingereza cha sheria hupenda kihusishi kilichotangulizwa, naye mkalimani wa mahakama ya Kitui au Makueni hulazimika kukigeuza papo hapo huku mshtakiwa akisubiri. Chukua maneno "the person from whom the cattle were stolen": Kiswahili hukimeza kihusishi chote ndani ya kitenzi na kusema "mtu aliyeibiwa ng'ombe", na Kikamba nacho kina viambishi vya kufanya kazi ya namna hiyo. Kiambishi kimoja kikipotea kinywani mwa mkalimani, aliyeibiwa anaweza kusikika kuwa aliyeiba. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, humpa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumika katika kesi yake, na sehemu ya kazi inayofanywa chini ya kifungu hicho huko Ukambani ni kazi ya kuvihamisha vihusishi vya namna hii kutoka mwanzo wa kishazi hadi mahali Kikamba kinapovitaka.