Epusha

Epusha ni kitenzi elekezi cha Kiswahili chenye maana ya kumweka mtu au kitu mbali na madhara, au kuyapitisha madhara kando yasimfikie. Kina asili ya Kibantu, ingawa mara nyingi huandamana na nomino za mkopo kutoka Kiarabu, kama katika dua “Mungu atuepushe na balaa”. Ni kauli ya kutendesha ya *epuka*: sauti *k* hugeuka *sh*, sawa na *amka* na *amsha*, *anguka* na *angusha*. Vitenzi vya ukoo huohuo ni *epa* (kuepa jiwe lililorushwa) na *epua*, kuondoa chungu motoni, ambako maana ya asili ya kusogeza kando huonekana wazi kuliko kwingine.

Matumizi ya baharini yanaeleweka vyema kwenye ufuo wa Mama Ngina, Mombasa, mbele ya mlango wa bahari wa Kilindini: nahodha huepusha chombo na mwamba, na vivuko vya Likoni, vinavyokatiza njia ya meli ziendazo bandarini, huepushwa na mgongano. *Kengeusha* ni tofauti na *epusha*. Humtoa mtu kwenye njia iliyo sawa, hivyo hubeba lawama. Kauli ya kutendeka ya *epuka*, yaani *epukika*, husikika zaidi katika ukanushi: jambo lisiloepukika.