Kutoka mtumbwini hadi meli kubwa: Msafiri wa Ziwa Victoria ajue nini?

KWA mkazi wa Kitendaguro, mojawapo ya kata za Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera, safari ya majini si jambo geni. Kisiwa cha Musira kinaonekana ng'ambo ya ufukwe wa mji, na wenye ndugu katika visiwa vya Wilaya ya Muleba, kama Bumbire, Ikuza na Goziba, wamezoea kupanda mitumbwi na boti za injini.

Hata hivyo, mtu huyo anapoamua kwenda likizo kwa meli kubwa ya abiria, iwe ya Mwanza au ya anasa katika bahari za mbali, anaingia katika utaratibu mwingine kabisa. Mengi aliyojifunza katika chombo kidogo hayatamsaidia, na yale anayopaswa kuyajua hayaonekani kwa macho.

Makala haya yanaeleza tofauti hizo, historia ya meli kubwa zilizoihudumia Bukoba, na mambo ambayo abiria anapaswa kuyazingatia kabla chombo hakijang'oa nanga.

Chombo kidogo hujieleza

Katika mtumbwi au boti, abiria anaiona hatari yake. Anaona ubavu wa chombo umebaki kiasi gani juu ya maji, anaona magunia yamepangwa wapi, na anaweza kuwahesabu wenzake wote bila kusimama. Mtu akiinuka ghafla, chombo kinayumba papo hapo na nahodha anamkemea.

Katika meli hali ni tofauti. Abiria mmoja akihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine hakuna kinachotikisika, naye huamini kuwa uzito wake si kitu. Shehena iko chini, asikoiona. Walioko daraja la tatu hawawaoni walioko vyumbani. Hakuna abiria hata mmoja anayeweza kusema kwa hakika kuwa chombo kimejaa au la.

Aidha, mwendo wenyewe hutofautiana. Chombo kidogo huyumba haraka na kurudi haraka. Meli kubwa hulala upande polepole na kuinuka polepole. Wapo wanaopata kichefuchefu kwa mwendo huo ingawa hawajawahi kuugua mtumbwini. Vyumba vilivyo katikati ya meli na katika sitaha za chini huyumba kidogo kuliko vile vya juu au vya mwisho wa chombo.

Meli zilizojengwa mara mbili

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, lakini halina njia ya majini ya kupitisha meli kutoka baharini. Kwa sababu hiyo, meli kubwa zote ziwani humo zimelazimika kujengwa au kuunganishwa ufukweni mwa ziwa lenyewe.

MV Victoria, ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyojulikana zaidi na wasafiri wa Bukoba, iliundwa na kampuni ya Yarrow huko Glasgow, Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa na kuunganishwa Kisumu, Kenya. Ilianza kazi mwaka 1961 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria wapatao 1,200. Baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ilibaki upande wa Tanzania.

Meli hiyo ilisimama mwaka 2014 kutokana na uchakavu. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa chini ya mkataba uliosainiwa mwaka 2018 na ikarejea majini mwaka 2020 ikiwa na jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Katika kipindi hicho wasafiri wengi wa Kagera walilazimika kuzunguka kwa basi kupitia Geita, Chato na Biharamulo.

Kubwa zaidi ni MV Mwanza, iliyojengwa jijini Mwanza na kushushwa majini Februari 2023. Ina urefu wa meta 92.6 na uwezo wa kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari. Kwa kulinganisha, meli ya anasa ya Icon of the Seas, iliyoanza safari katika bahari ya Karibi Januari 2024, ina urefu wa meta 365 na inaweza kuchukua abiria wapatao 7,600. Yaani meli ambayo kwa mtu wa Bukoba ni jengo linaloelea, ina takriban robo tu ya urefu wa ile ya Karibi.

Usiku na upepo

Kwa desturi, safari ya meli kati ya Bukoba na Mwanza hufanyika usiku kupitia bandari ya Kemondo. Abiria hulala na kuamka karibu na mwisho wa safari. Jambo hilo ni faraja kwa anayekwenda likizo, lakini lina upande wa pili.

Mchana, nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani. Usiku hali hugeuka. Upepo wa nchi kavu hutoka pande zote za ziwa na kukutana katikati, hewa yenye unyevu hupanda, na radi na mvua kubwa hutokea usiku wa manane hadi alfajiri. Wavuvi wa Bukoba na Muleba wanaufahamu mtiririko huo kwa uzoefu, na wengi hujizuia kutoka wanapoona dalili zake.

Abiria wa meli hana nafasi ya kujizuia. Akishapanda, uamuzi wa kuendelea au kusubiri ni wa nahodha peke yake. Meli iliyopakiwa vizuri huhimili hali ambayo mtumbwi hauwezi kuihimili, lakini sharti ni kwamba iwe imepakiwa vizuri.

Funzo la MV Bukoba

Hakuna mkazi wa Kagera anayehitaji kukumbushwa tarehe 21 Mei 1996. Asubuhi ya siku hiyo MV Bukoba, iliyoondoka Bukoba jioni iliyotangulia na kupitia Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia Mwanza. Makadirio ya waliokufa yametofautiana sana, mengi yakiwa kati ya watu 500 na 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa.

Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ilionyesha watu 443 katika daraja la kwanza na la pili peke yake. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hiyo ndiyo sababu idadi kamili ya waliopotea haikuweza kujulikana: hakuna aliyewahesabu walipopanda.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kuchukua watu 101. Waliopoteza maisha walikuwa 228.

Kitaalamu, chombo hupinduka kwa urahisi uzito unapokuwa juu badala ya kuwa chini. Watu na mizigo wakijazana sitaha za juu, meli ikiinama kidogo hushindwa kurudi wima. Hali huwa mbaya zaidi wakati wa kukaribia gati, abiria wote wanapohamia upande mmoja ili wawahi kushuka. Kile ambacho hakionekani akihama mtu mmoja huonekana wakihama mia tatu.

Dunia nayo imejifunza kwa gharama kama hiyo. Meli ya anasa ya Costa Concordia ilipogonga mwamba pwani ya Italia Januari 2012, watu 32 walifariki. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu Januari 2015 meli za aina hiyo zinatakiwa kuwapa abiria mazoezi ya dharura kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, abiria ahakikishe jina lake na la kila mtoto aliyefuatana naye limeandikwa katika orodha. Tiketi isiyo na jina si ushahidi kwamba mtu alikuwamo.

Pili, akishapanda atafute jaketi la kuokolea lilipo kabla hajatafuta pa kuweka mizigo, kisha apite kwa miguu njia ya kutoka kitandani hadi sitaha ya wazi. Usiku, taa zikizimika, njia hiyo ataijua kwa kupapasa tu.

Tatu, asikimbilie upande wa gati meli inapofika. Abaki mahali pake hadi chombo kifungwe kamba.

Nne, akiona abiria wamejaa hadi kwenye ngazi na ushoroba, anayo haki ya kuuliza na hata kushuka. Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililochukua jukumu hilo kutoka SUMATRA.

Kupoteza nauli ni maumivu, na kuahirisha likizo ni usumbufu. Lakini mvuvi wa Musira huiacha boti iliyojaa ikaenda bila yeye, akasubiri nyingine, na wala haoni haya. Abiria wa meli kubwa naye anastahili kuwa na busara hiyo hiyo, hata kama chombo kilicho mbele yake kina sitaha nne na taa nyingi.