Jina kwenye Sarafu Ndogo ni Dhamana

Dhahabu inayouzwa Runzewe haihitaji jina la mtu. Mnunuzi huiweka kwenye mzani, huangalia usafi wake, na bei hupatikana. Kipande cha shaba hakina bahati hiyo: kitanunua samaki sokoni iwapo tu anayekipokea anaamini na mwenzake atakipokea. Ndiyo maana miji ya Wagiriki ya Asia Ndogo, chini ya Warumi, iliandika majina ya viongozi wake kwenye sarafu za shaba. Efeso ilimtaja karani wa mji, mwenye cheo kile kile tunachokisoma katika Matendo ya Mitume.

Pwani yetu nayo ilifanya hivyo. Sarafu za shaba za Kilwa, zilizookotwa pia Mafia, Pemba na Unguja, hazina mwaka wala kiwango cha thamani. Upande mmoja una jina la sultani, kama Ali bin al-Hasan. Wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zinakubaliana kwa vina. Wapo watakaosema hayo ni majigambo ya watawala. Lakini mtu wa majigambo angekimbilia dhahabu, na Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Hata hivyo, dinari zake za dhahabu zinazojulikana, za al-Hasan bin Sulaiman aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, ni chache mno, ilhali za shaba ni maelfu. Jina liliwekwa kwa wingi pale lilipohitajika.

Hoja nyingine ni kwamba nembo ya dola inatosha. Tabora inajibu. Mwaka 1916 Wajerumani waligonga huko sarafu za shaba za heller 20 na sarafu za rupia 15 za dhahabu ya Sekenke. Heller hizo zilikuwa na taji na herufi DOA, za Afrika Mashariki ya Kijerumani, bila jina la kiongozi yeyote. Wabelgiji walipouteka mji vitani Septemba mwaka huo, dola iliyozidhamini iliondoka. Dhahabu ilibaki dhahabu.

Noti ya karatasi nayo huhitaji jina. Tanzania ilipotoa noti zake za kwanza mwaka 1966, zilibeba saini za Waziri wa Fedha, Amir Jamal, na Gavana wa Benki Kuu, Edwin Mtei. Utaratibu wa saini hizo mbili ungalipo. Anayetia saini kwenye fedha ya wananchi amejifunga kuilinda thamani yake, na wananchi wana haki ya kumdai.