Tulikwisha kusoma kwa redio

Katika vikao vya wazazi hapa Songea yapo mabishano yasiyokwisha kuhusu simu. Mwanafunzi akikutwa nayo bwenini hunyang'anywa, na wengi wetu tunaafiki. Papo hapo tunasikia kwamba kwa wenzetu ng'ambo watoto wanasomea podikasti, yaani vipindi vya sauti ambavyo mtu huvipakua akavisikiliza saa aipendayo, akisimamisha na kurudia. Mzazi mmoja atasema huo ni upuuzi wa kizungu, mwingine atalalamika kwamba tumeachwa nyuma. Kwa maoni yangu wote wawili wanasahau historia. Nchi hii ilikwisha kusoma kwa sauti zamani, na si watu wachache.

Utangazaji Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji, na mwaka 1965 Serikali ikalichukua likawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazee wetu wengi hawajazoea kuiita jina jingine mpaka leo. Vipindi vya shule vilikuwapo: redio juu ya meza ya mwalimu, darasa zima kimya. Lakini kazi kubwa ya redio haikufanyika madarasani. Ilifanyika chini ya miembe, na wanafunzi wake walikuwa watu wazima, wengi wao wakiwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma na kuandika.

Mwaka 1969 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilifanya jaribio la kwanza, Kupanga ni Kuchagua, kuueleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, wakazungumza. (Kwa sisi wa Ruvuma mwaka huo una uchungu wake. Ndio mwaka chama kilipoivunja Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, ile ya Litowa na vijiji vyenzake, ambako wanavijiji walikwisha kujizoeza kukaa na kuamua mambo yao bila kungoja redio.) Mwaka 1971 ukaja Wakati wa Furaha, kuadhimisha miaka 10 ya uhuru. Halafu, mwaka 1973, Mtu ni Afya.

Hapo ndipo pa kutua kidogo. Mtu ni Afya ilichukua wiki 12, na walioshiriki wanakadiriwa kufikia watu milioni 2. Milioni 2, ndugu zangu, katika nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni 15, barabara za vumbi, na redio zinazokula betri kuliko mtoto anavyokula miwa. Wenye umri wanakumbuka jinsi betri zilivyokuwa zikianikwa juani ili zipate nguvu za kumaliza japo taarifa ya habari.

Ilikuwaje? Kwanza, kabla redio haijasema neno, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa. Mafunzo yalishuka ngazi kwa ngazi kutoka taifani hadi vijijini. Hawakufundishwa udaktari, walifundishwa namna ya kuendesha mazungumzo: kuuliza, kunyamaza ili wengine waseme, kumpa nafasi yule mama aliyekaa nyuma. Pili, palikuwa na vitabu, vimeandikwa kwa maneno mepesi ili mtu aliyetoka kujifunza kusoma juzi aweze kuvifuata. Tatu, kila kikao kiliishia na swali la kijiji chenyewe. Mmesikia habari za malaria, haya, madimbwi yetu yako wapi? Mmesikia habari za kichocho na minyoo, nani hana choo, na lini tutakichimba?

Vipo vikundi vilivyokosa redio, vingine redio ilikuwapo lakini betri zimekwisha. Kiongozi alifungua kitabu, akasoma kwa sauti, na mazungumzo yakaendelea. Mimi naona hili ndilo jambo la kutazamwa sana na yeyote anayetaka kuingiza mashine darasani. Chombo kilipozimika, somo halikuzimika.

Tusiipambe, lakini. Ujumbe wote ulitoka Dar es Salaam, na mwanakijiji hakuwa na njia ya kujibu hewani. Tena mwaka uleule wa 1973, mwezi Novemba, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu wakahamishwa. Huwezi kuhama na choo.

Wenzetu nao walijaribu. Kenya, kati ya mwaka 1980 na 1985, ilifundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Ubunifu wake ulikuwa katika ukimya: sauti ya redioni inauliza, inanyamaza sekunde chache, darasa linajibu kwa pamoja, ndipo redio inaendelea. Zanzibar ikatumia mtindo huohuo kuanzia mwaka 2006 katika Tucheze Tujifunze, kwa watoto wadogo, hata wale ambao hawakuwa na shule ya awali karibu, wakikutana na mlezi wa palepale mtaani. Mlezi aliweka kipindi, akaimba nao, akawanyoosha vidole.

Kisha zikaja vishikwambi. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, pamoja na vituo vya kuchajia kwa jua. Lilikuwa shindano la kimataifa, na washindi wawili waligawana dola milioni 10. Watoto wengi hawakuwa wamewahi kukanyaga shule, na baada ya miezi 15 wapo waliosoma. Sibezi hata kidogo. Ila shindano lilitaka kujua mtoto atafika wapi bila mwalimu, na hilo si swali letu. Sisi walimu tunao, ingawa wachache, na swali letu ni mwalimu mmoja mwenye watoto 90 afanyeje.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa ajili ya korona, masomo yalirudi redioni na kwenye televisheni. Kipindi kilikuwapo. Kilichokosekana nyumbani kwa wengi ni mtu wa kukaa na mtoto baada ya kipindi, amwulize amesikia nini. Mwishoni mwa Juni watoto wakarejea shuleni, na redio tukairudishia muziki.

Leo Songea ina umeme wa gridi ya Taifa tangu laini ya kutoka Makambako ilipofika mwaka 2018. Nenda soko lolote la mjini utaziona zile redio ndogo za kuchaji, zenye tundu la flashi na memori kadi. Zinaning'inia kwenye baiskeli, zinalimia mahindi pamoja na wenyewe. Kijana anakujazia nyimbo mia kwa bei ya soda. Chombo kama hicho, kikiwa na masomo 30 ya sauti ya kusoma Kiswahili kwa darasa la kwanza, hakihitaji intaneti wala simu mfukoni mwa mwanafunzi. Kinakaa mezani kwa mwalimu, naye ndiye mwenye kidole juu ya kitufe cha kusimamisha.

Kwa hiyo wanapokuja wafadhili na maofisa kutuonyesha mashine, ningependa kikao cha wazazi kiwaulize kwanza: mmetenga siku ngapi za kumfundisha mwalimu? Kitabu cha kwenda na sauti hiyo kiko wapi? Na chaji ikiisha saa nne asubuhi, darasa litafanya nini hadi saa nane?

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa.