Bima ya Umiliki na Mnunuzi wa Nyumba ya Kwanza nchini Marekani, 1868–2015

Bima ya umiliki wa ardhi nchini Marekani ilizaliwa kutokana na hasara ya mnunuzi, wala si ya benki. Chimbuko lake ni kesi ya Watson dhidi ya Muirhead, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Pennsylvania mwaka 1868. Watson alinunua mali kwa kutegemea uchunguzi wa Muirhead, mtaalamu wa kuandaa hati za uhamisho. Muirhead aliona kwenye kumbukumbu deni lililotokana na hukumu ya mahakama, akamwendea wakili, akaambiwa kuwa deni hilo halikuishika mali ile. Naye akamweleza mnunuzi kwamba umiliki ulikuwa safi. Wakili alikosea. Watson alipodai fidia, mahakama iliamua kwamba mtaalamu aliyefuata ushauri wa wakili kwa nia njema hakuwa mzembe, na kwa hiyo hakuwajibika. Hasara ikambakia mtu ambaye hakutenda kosa lolote.

Hukumu hiyo haieleweki vyema bila kuzingatia namna umiliki unavyothibitishwa katika majimbo mengi ya Marekani. Msomaji wa Kenya au Tanzania amezoea hati inayotolewa na dola na sajili ya serikali inayotaja mwenye ardhi. Ofisi ya kaunti ya Marekani, kwa kawaida, hupokea na kutunza nakala za hati za mauziano, rehani na madeni. Haitoi tamko kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Umiliki wa leo husimama juu ya mnyororo wa mauziano yaliyotangulia, na pingili moja mbovu, kwa mfano sahihi iliyoghushiwa au mrithi asiyetajwa, yaweza kuuvunja miaka mingi baadaye. Illinois ilijaribu njia nyingine: mwaka 1897, robo karne baada ya moto wa Chicago wa 1871 kuteketeza kumbukumbu za ardhi, iliruhusu usajili wa aina iliyoasisiwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858. Usajili huo ulikuwa wa hiari, na katika Kaunti ya Cook ulifungwa katika miaka ya 1990.

Njia iliyotawala ni ile ya Pennsylvania. Mwaka 1874 bunge la jimbo liliruhusu kuundwa kwa kampuni za bima ya umiliki, na mwaka 1876 kampuni ya kwanza ilianzishwa Philadelphia. Bima hii ni ya namna ya pekee. Bima ya moto hungoja janga lijalo. Hii hutazama nyuma, ikikinga dhidi ya kasoro zilizokwishakuwapo siku ya kununua lakini hazikuonekana. Hulipiwa mara moja tu. Kasoro ambayo mnunuzi aliijua akainyamazia haimo, wala masharti ya serikali kuhusu matumizi ya ardhi kwa kawaida hayamo.

Katika karne ya 20 kitovu cha biashara hii kilihama. Kuundwa kwa Mamlaka ya Shirikisho ya Nyumba mwaka 1934 na Fannie Mae mwaka 1938 kulikuza soko ambamo rehani iliyotolewa katika mji mmoja iliuzwa kwa mwekezaji wa mbali. Mwekezaji huyo hakuijua nyumba wala wakili wa mji ule. Alihitaji karatasi inayofanana kila mahali. Hivyo bima ya mkopeshaji ikawa sharti la kawaida la mkopo, na kwa kawaida anayeilipia ni mnunuzi. Hapa ndipo penye utata wenyewe. Bima ya mkopeshaji hufuata salio la mkopo: deni likipungua, kinga hupungua, deni likiisha, nayo huisha. Fedha ambazo mnunuzi ametanguliza hazimo kabisa. Bima ya mmiliki, kinyume chake, hufuata bei ya nyumba na hudumu maadamu yeye au warithi wake wanaimiliki. Mnunuzi wa mara ya kwanza anayeona neno “bima ya umiliki” kwenye gharama zake aweza kudhani amekingwa, ilhali amelipia kinga ya mwingine.

Wakosoaji husema, na hoja yao ina nguvu, kwamba madai yanayolipwa ni sehemu ndogo ya ada zinazokusanywa. Kampuni hujibu kwamba fedha nyingi hutumika katika uchunguzi unaozuia madai yenyewe. Iowa ilipiga marufuku uuzaji wa bima hiyo mwaka 1947, na mwaka 1985 ikaweka dhamana ya jimbo badala yake.

Kwingineko, serikali ya shirikisho iligusa zaidi uwazi wa mauzo. Sheria ya 1974 ilimkataza muuzaji wa nyumba inayonunuliwa kwa mkopo unaohusika na sheria hiyo kumlazimisha mnunuzi kuchukua bima ya kampuni fulani. Kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2015 zinataka mnunuzi apewe taarifa ya mwisho ya gharama angalau siku tatu za kazi kabla ya kukamilisha mkopo. Katika taarifa hiyo, bima ya mmiliki isiyodaiwa na mkopeshaji huandikwa kuwa si ya lazima. Aidha, bima mbili zikinunuliwa pamoja kwa punguzo, ile ya mkopeshaji huonyeshwa kwa bei kamili na punguzo hupelekwa upande wa mmiliki, kwa hiyo kiasi kilichomo katika taarifa chaweza kutofautiana na kile ambacho kampuni inatoza kwa kila mkataba. Sababu ya mpangilio huo ni ya kihesabu: mnunuzi aone atalipa kiasi gani zaidi akiamua kujikinga mwenyewe.